Imeishia Wapi? Mhadhara Kuhusu Kompyuta Inayogoma Kuwaka na Swali Linalosomeka



Nianze na mashine moja. Ilikuwa kompyuta ya mezani katika ofisi ya taaluma ya shule niliyokuwa nikifundisha. Ndani yake zilikuwamo alama za wanafunzi za miaka 3. Jumatatu moja asubuhi iliwashwa, ikaonyesha nembo ya mtengenezaji, kisha kioo kikawa cha buluu chenye maandishi meupe. Ikajizima, ikajiwasha, ikarudi palepale. Akaitwa fundi. Aliitazama dakika chache, akatamka maneno ambayo wengi wenu humu mmewahi kuyasikia: "Hii tuipige Windows." Tukakubali. Ikapigwa Windows, ikawaka, tukamshukuru na kumlipa. Alama za miaka 3 zilikuwa zimekwenda. Na Jumanne asubuhi kioo cha buluu kilikuwa kimerudi.

Simlaumu fundi yule. Alifanya tulichomruhusu afanye, na sisi tuliruhusu kwa sababu hatukujua cha kumwambia zaidi ya "haiwaki". Tangu siku ile nimekuwa na jambo moja la kuwaambia watu, na ndilo nililokuja nalo leo: kuifufua kompyuta iliyogoma na kuandika swali la kuomba msaada ni kazi moja. Zote mbili zinaanza na kuulizana, "Imeishia wapi?" Anayejua mashine yake imeishia wapi katika safari ya kuamka amekwisha kuandika nusu ya swali lake. Na anayekaa chini kuliandika swali vizuri hulazimika kuinuka tena akatazame imeishia wapi.

Safari ya kuamka

Tunasema kompyuta "imekufa". Neno hilo moja tunalitumia kwa hitilafu nyingi zisizofanana, na ndiyo maana dawa inakuwa moja kwa wagonjwa wote. Ukweli ni kwamba kompyuta huamka kwa kupokezana kijiti, na kijiti kinaweza kudondoka mahali patano.

Mpokeaji wa kwanza ni umeme. Ukibonyeza kitufe pasiwe na taa, feni wala mlio, usifikirie Windows hata kidogo. Tazama waya, chaja, soketi, betri.

Wa pili ni bayosi, programu inayokaa kwenye chipu ya ubao mama. Hiyo huamka kabla ya diski na kukagua vifaa: kumbukumbu ya RAM ipo? Kibodi ipo? Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa ikitoa mlio mmoja mfupi kusema kwamba ukaguzi umepita salama, na milio ya namna nyingine ilipotoka, fundi alijua pana kasoro. Mashine nyingi za leo bado huzungumza hivyo, kwa milio au kwa taa inayopepesa. Kwa hiyo taa zikiwaka, feni ikizunguka na kioo kikabaki cheusi, hesabu milio na uandike ni mingapi. Mara nyingi RAM imelegea mahali pake.

Wa tatu ni yule anayeitafuta diski. Katika utaratibu wa zamani, bayosi husoma sehemu ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512, na hutazama kama inaishia na alama mbili, 55 na AA. Katika mashine za sasa zinazotumia UEFI, mrithi wa bayosi, hutafuta eneo maalumu la diski lililotengwa kwa kazi hiyo. Asipoona anachokitafuta, mashine huandika "No bootable device", au kwa mfumo wa Linux husimama kwenye maneno "grub rescue". Faili zako zinaweza kuwa salama zote, ila mlango wa kuzifikia ndio haujapatikana. Na kabla hujaogopa, chomoa flashi uliyoisahau tangu jana. Mara nyingi mashine inajaribu kuamkia humo na kukuta hamna mfumo.

Wa nne ni keneli, moyo wa mfumo endeshi. Kioo cha buluu kinachotokea mara baada ya nembo, au maneno "kernel panic" kwenye Linux, yanakuambia kwamba diski imepatikana na mfumo umeanza kupakiwa, kisha ukakwama.

Wa tano ni programu zinazotuandalia meza: huduma za mtandao, ukurasa wa kuingiza neno la siri, picha ya nyuma. Ukifika kwenye neno la siri na baada ya hapo kioo kikawa cheusi, mashine yako imefika mbali sana, na haistahili kufutwa.

Watano hao ukiwashika kichwani, hutasema tena "haiwaki". Utasema "inaonyesha nembo, kisha buluu", na anayekusikia atawaondoa wapokeaji watatu wa kwanza kwenye orodha ya washukiwa papo hapo.

Asubuhi ya tarehe 19 Julai 2024

Mfano mkubwa kuliko wote wa kompyuta kugoma kuwaka tumeushuhudia sisi wenyewe. Kampuni ya Marekani ya CrowdStrike, inayouza programu ya ulinzi kwa mashirika, ilituma sasisho kwa wateja wake duniani. Kwa saa za Afrika Mashariki faili liliachiwa saa 1:09 asubuhi, na liliondolewa saa 2:27. Dakika 78 tu. Katika muda huo, kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliingia kwenye kioo cha buluu na kuzunguka humo bila kutoka. Ndege hazikuruka, hospitali ziliahirisha miadi, benki zilisimama.

Chanzo kilikuwa kidogo kiasi cha kusikitisha. Programu ilitarajia kupokea taarifa 20, sasisho likaitaka isome ya 21 ambayo haikuwapo. Ikasoma nje ya eneo lake la kumbukumbu, na kwa kuwa inafanya kazi ndani ya keneli, ilianguka na mfumo mzima. Mpokeaji wa nne alidondosha kijiti.

Sasa sikilizeni tiba yake. Iwashe mashine katika hali ya usalama, ile ambayo Windows huamka na vitu vya lazima tu. Fungua folda ya CrowdStrike iliyo ndani ya folda ya madereva ya mfumo. Futa faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291 na kuishia na .sys. Washa upya. Basi. Data yote ilikuwa mahali pake. Maelekezo hayo yalienea duniani siku ileile kwa sababu yalisomeka: yalitaja mahali, yakataja jina la faili bila kukosea tarakimu, yakataja mpangilio wa hatua. Mtu ambaye hajawahi kuonana na mwandishi wake, katika mji wowote, aliweza kuyafuata kwa mkono wake.

Walioteseka zaidi ni wale ambao diski zao zilikuwa zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, kwa kuwa mashine iliwataka kwanza ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Waliokuwa wameuhifadhi mahali panapofikika waliendelea. Wengine waliona ufunguo umehifadhiwa ndani ya seva ambayo nayo ilikuwa imegoma. Kumbukeni tarakimu hizo 48, tutazirudia.

Okoa mali kwanza

Nyumba ikishika moto, mtu hutoa watoto na vyombo kabla ya kujadili bati la kuezekea. Kompyuta ikigoma, kilicho na thamani ni kile ambacho hakiuzwi dukani: picha za marehemu mama, tasnifu, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Windows inapatikana kokote. Kwa hiyo kabla hujairekebisha mashine, toa mali.

Namna yake haihitaji fundi mkubwa. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo mzima wa Linux unaoamkia kwenye CD bila kugusa diski ya mashine. Leo kazi hiyo hufanywa na flashi. Chukua flashi ya GB 8, nenda kwenye kompyuta ya rafiki, pakia humo Ubuntu au Linux Mint, rudi uiwashe mashine yako kupitia flashi hiyo, kisha uchague kuujaribu mfumo bila kuusakinisha. Neno "kusakinisha" usilibonyeze. Diski yako itajitokeza kama folda. Nakili vilivyo vyako kwenye diski ya nje, vifungue kimojakimoja uhakikishe vinafunguka, na hapo ndipo moyo utulie. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, utahitaji zile tarakimu 48, ambazo wengi huzikuta kwenye akaunti yao ya Microsoft.

Ukisikia diski inagonga au kukwaruza, zima mara moja. Kila dakika inayozunguka inajiumiza. Diski ya namna hiyo inatakiwa kunakiliwa yote kwa pamoja kwa programu kama ddrescue, ambayo hukimbilia kwanza sehemu nzima na kuziacha zilizoharibika ziwe za mwisho. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo na data ni ya thamani kubwa, mpe anayeijua.

Baada ya mali kuwa salama, una uhuru wa kujaribu. Windows yenyewe, ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, hufungua ukurasa wa ukarabati: pale unaweza kuondoa sasisho la mwisho, kurudi kwenye hali ya siku iliyopita, au kuingia katika hali ya usalama. Jaribu jambo moja kwa wakati, na kila ukijaribu, andika kwenye daftari ulichofanya na kilichotokea. Daftari hilo ndilo litakalokuwa swali lako.

Hodi ya maandishi

Nirudi kwenye ofisi yetu. Jumanne fundi aliipiga Windows kwa mara ya pili. Ikawaka, ikafanya kazi mchana kutwa. Jumatano asubuhi, buluu. Usiku huo niliandika kwenye kundi moja la mafundi mtandaoni: "WAKUU NAOMBENI MSAADA KOMPYUTA YA OFISI IMEKUFA HAIWAKI NI HARAKA." Nilijibiwa na watu watatu. Mmoja alisema ninunue diski mpya. Wa pili alisema RAM. Wa tatu alisema niipige Windows. Walinijibu kwa moyo mwema, na wote walikisia, kwa sababu sikuwapa kitu kingine cha kufanya.

Katika desturi zetu mtu hapigi hodi akanyamaza. Akikaribishwa husalimu, hujitambulisha, hueleza alikotoka, ndipo hutaja shida. Mwenyeji hupata muda wa kumwelewa. Mtandaoni mwenyeji yuko mbali, anasoma kwenye simu, pengine ndani ya daladala, kwa bando lake mwenyewe. Ukiandika "wakuu naombeni msaada" ukaishia hapo, umepiga hodi na kusimama kizani. Ili kukusaidia anatakiwa akuulize maswali 10, na kila swali ni safari ya kwenda na kurudi.

Mwaka 1999 Simon Tatham, mwandaaji wa programu wa Uingereza aliyeandika PuTTY, alitoa makala kuhusu namna ya kuripoti hitilafu. Shauri lake kubwa ni kutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: nilichokiona, na ninachokidhania. Mtu akiandika "diski yangu imeungua", ametupa dhana. Msaidizi ataanza na diski hata kama tatizo ni betri. Akiandika "inaonyesha nembo, kisha buluu yenye maneno haya", ametupa macho yake. Dhana haikatazwi, ila iandikwe kama dhana, baada ya ushahidi.

Ujumbe wa kosa uandikwe herufi kwa herufi kama ulivyo, kwa lugha iliyotumiwa na mashine. Usiutafsiri na usiufupishe, maana msaidizi ataunakili na kuutafuta. Picha ya kioo inasaidia ikipigwa wima na bila mwanga kurudi, lakini iandamane na maandishi: picha haitafutiki, na hula bando kuliko sentensi. Maelezo marefu ya mfumo yatenge peke yake ili yasimeze swali, na kama makosa ni mengi, onyesha la kwanza, kwa sababu yanayofuata mara nyingi ni watoto wake. Acha herufi kubwa tupu, na weka nukta na aya. Aya ni pumzi ya msomaji.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kama uliimwagia chai, sema. Kama ulikatiza sasisho kwa kuchomoa waya, sema. Lakini kuna uchi ambao unapaswa kubaki umefunikwa: zile tarakimu 48, maneno ya siri, barua pepe, namba ya usajili wa mashine. Yafute kwenye picha kabla hujaituma. Msaidizi wa kweli hahitaji hata moja katika hayo.

Na msaidizi akikupa amri ya kuandika, muulize inafanya nini kabla hujabonyeza. Kuna amri za neno moja zinazofuta diski nzima bila kuuliza mara mbili. Kuuliza hivyo si kumvunjia heshima. Anayeijua kazi yake atakueleza kwa furaha.

Swali la pili

Alhamisi nililiandika upya. Ili niliandike, ilinibidi kumpigia fundi simu nimuulize hasa alibadilisha nini. Ilinibidi kuingia kwenye bayosi na kutazama. Ilinibidi kumuuliza mlinzi wa shule jioni huwa anafanya nini. Lilitoka hivi:

"Kompyuta ya mezani, Windows 10: kioo cha buluu kila asubuhi, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Habari zenu. Mashine ilinunuliwa ikiwa imetumika. RAM ni GB 4, diski GB 500. Ikiwashwa asubuhi huonyesha nembo, kisha buluu yenye maneno hayo, kisha hujizima na kujiwasha. Ilianza Jumatatu. Hatukuwa tumeongeza kifaa wala programu.

Jumatatu na Jumanne fundi alipiga Windows upya. Siku zote mbili diski haikuonekana mwanzoni. Alibadilisha mpangilio wa diski kwenye bayosi, ikaonekana, na mashine ikafanya kazi hadi jioni. Jioni mlinzi huzima umeme wa jengo lote kwenye swichi kuu. Asubuhi tatizo hurudi.

Nimechomoa flashi na printa, hakuna badiliko. Kwenye bayosi, tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Sijagusa kitu kingine, na diski haina tena data ya kuokoa. Nianzie wapi?"

Jibu lilikuja kabla sijafunga simu, kutoka kwa mtu nisiyemjua: "Betri ya ubao mama imekwisha. Badilisha, rudisha mpangilio ule wa diski, weka tarehe."

Betri hiyo inaitwa CR2032. Ina upana wa milimita 20, unene wa milimita 3.2, na nguvu ya volti 3. Kazi yake ni kuitunzia bayosi saa na mipangilio umeme unapozimwa. Ilipokwisha mwishoni mwa wiki iliyotangulia, bayosi iliisahau namna ya kuongea na diski ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na Windows ikashindwa kuifikia diski ambayo jana yake ilikuwa ikiisoma. Fundi alikuwa akiurudisha mpangilio bila kujua kwamba hiyo ndiyo tiba, na kila jioni swichi kuu ilikuwa ikiifuta.

Nadhani mmekwisha kuona kinachoniumiza. Jumatatu ile asubuhi, kabla ya kupigwa Windows, alama za miaka 3 zilikuwamo, nzima. Palihitajika kubadilisha mstari mmoja kwenye bayosi. Hatukuzipoteza kwa hitilafu ya mashine, tulizipoteza kwa haraka ya kutibu kabla ya kuuliza imeishia wapi. Na lililofumbua fumbo, tarehe iliyorudi nyuma na mlinzi anayezima swichi, nisingeliona kama nisingelazimika kuandika kwa ajili ya msomaji asiyeweza kuona ofisi yetu.

Rudi useme

Msaidizi akishakusaidia, kazi imebaki moja. Rudi uandike kilichofanya kazi. "Asante mkuu, imekubali" haitoshi. Andika nini kimekubali. Mwingine atakuja mwakani na buluu ileile, na jibu lako ndilo atakalolikuta.

Kwa sisi tunaotumia Kiswahili jambo hili lina uzito wa ziada. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Walithibitisha kwamba lugha hii inaweza kuvaa kompyuta ikaenea mwilini. Lakini lugha ya ufundi haikamilishwi na kamusi peke yake. Hukamilishwa na watu wanaoelezana, kwa maneno yao, kwamba nembo ilitokea, kioo kikawa buluu, tukafungua kava, tukabadilisha betri, ikakubali. Kila swali lililoandikwa vizuri na kufungwa kwa jibu linakuwa ukurasa wa kitabu ambacho bado hatujachapisha.

Nawaombeni mkitoka hapa mfanye jambo moja kabla mashine zenu hazijagoma. Chukueni karatasi. Andikeni jina na toleo la mashine, mfumo endeshi wake, mahali ulipohifadhiwa ufunguo wa tarakimu 48, na tarehe ya mwisho mliponakili mali zenu kwenye diski nyingine. Kama tarehe hiyo haipo, usiku wa leo ndio uwe tarehe yenyewe.

Ile kompyuta ya ofisini bado ipo. Ndani ya kava lake tulibandika karatasi yenye mistari miwili: tarehe ya kubadilisha betri, na mpangilio sahihi wa diski. Fundi yule ndiye aliyeandika, kwa mwandiko wake. Sasa, akiitwa popote, kabla hajatoa flashi mfukoni humuuliza mwenye mashine, "Imeishia wapi?"